Moto wa Nyika na Usalama wa Kaya: Haja ya Kuhuisha Sheria Ndogo za Tahadhari ya Moto Bariadi na Mkoa wa Simiyu

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kwa nini kanuni za usalama wa moto zilizopo hazizifikii nyumba nyingi za vijijini katika Mkoa wa Simiyu, na namna sheria ndogo za vijiji na halmashauri zinavyoweza kuhuishwa ili kuziba pengo hilo. Hoja ya msingi ni kwamba sheria za Tanzania zimeutazama moto kwa sura mbili zisizokutana, yaani moto unaoanza ndani ya jengo na moto unaoteketeza msitu. Moto unaotoka shambani au kwenye ngitili na kuingia katika kaya haumo kikamilifu katika sura yoyote kati ya hizo. Pengo hilo lina uzito wa pekee katika eneo la pamba, ambako kanuni za kilimo zenyewe zinaagiza masalia ya zao yateketezwe wakati wa kiangazi. Makala yanapendekeza sheria ndogo zinazojengwa juu ya kalenda ya moto, ukanda wa usalama wa kaya, na taasisi za kijamii za ngitili na sungusungu, bila kuiharamisha nyumba ya nyasi.

Maneno muhimu: moto wa nyika, sheria ndogo, masalia ya pamba, ngitili, Simiyu

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Makao yake makuu ni Bariadi, na wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,584,157 katika eneo la mkoa huu. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 2,140,497. Ongezeko la zaidi ya watu nusu milioni katika muongo mmoja lina maana kwamba kaya mpya zimejengwa, na nyingi kati yake ziko pale ambapo shamba, malisho na makazi vinapakana.

Katika mazingira hayo, nyumba inapoungua hasara haiishii kwenye kuta na paa. Kaya ya mkulima wa Kisukuma huhifadhi chini ya paa moja, au katika majengo yanayokaribiana, nafaka ya mwaka mzima, mbegu za msimu unaofuata, pamba inayosubiri kuuzwa, fedha taslimu, vyeti vya watoto na hati nyingine ambazo ni vigumu kuzipata upya. Zizi la mifugo nalo huwa hatua chache kutoka mlangoni. Moto wa nusu saa unaweza kuirudisha nyuma kaya kwa miaka mingi, na kwa kawaida hakuna bima inayofidia hasara hiyo.

Pamoja na hayo, mjadala wa kitaifa kuhusu moto umeelekea zaidi kwenye matukio ya aina mbili. Aina ya kwanza ni moto wa majengo makubwa ya umma na biashara, kama ule wa Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, mwezi Julai 2021. Aina ya pili ni moto wa hifadhi, kama ule wa Mlima Kilimanjaro mwezi Oktoba 2020. Nyumba ya kijijini iliyo pembezoni mwa shamba haimo katika aina hizo mbili. Makala haya yanaanza kwa kueleza namna moto wa nje unavyoingia katika kaya, yanaendelea na mwaka wa moto katika Simiyu na mipaka ya sheria zilizopo, kisha yanabainisha maudhui ya sheria ndogo zilizohuishwa na njia ya kuzipitisha.

2.0 Namna Moto wa Nje Unavyoiwasha Nyumba

Fikra iliyozoeleka ni kwamba moto wa nyika huja kama ukuta wa miali na kuifunika nyumba. Uchunguzi wa nyumba zilizoungua katika nchi mbalimbali unaonesha kwamba hali mara nyingi ni tofauti. Moto huiwasha nyumba kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni mguso wa miali, pale ambapo nyasi, matawi au takataka kavu zinaendelea bila kukatika mpaka ukutani. Njia ya pili ni mnururisho wa joto kutoka kwenye moto mkubwa ulio karibu. Njia ya tatu ni cheche na vipande vya makaa vinavyopeperushwa na upepo na kutua juu ya paa, ndani ya upenyo kati ya ukuta na paa, au kwenye rundo la vitu vikavu kando ya nyumba.

Jack Cohen, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, alionesha kuwa hatima ya nyumba huamuliwa zaidi na hali ya nyumba yenyewe na eneo linaloizunguka kwa umbali wa takribani mita 30, kuliko ukubwa wa moto ulio mbali. Jimbo la California limeingiza mtazamo huo katika sheria: wamiliki wa nyumba zilizo katika maeneo ya hatari hutakiwa kupunguza vitu vinavyowaka ndani ya umbali wa futi 100, sawa na mita 30 hivi, na tangu mwaka 2008 kanuni zake za ujenzi zimekuwa na sura inayohusu nyumba mpya katika maeneo hayo. Hata hivyo, mwezi Novemba 2018 moto katika mji wa Paradise uliua watu 85 na kuteketeza majengo zaidi ya 18,000. Nyumba nyingi za mji huo zilijengwa kabla ya kanuni mpya, na ziliposhika moto zilikuwa chanzo cha cheche kwa nyumba za jirani.

Fundisho linaloihusu Simiyu halimo katika vifaa vya ujenzi vya California, kwa kuwa gharama yake haibebeki kwa mkulima wa Itilima au Meatu. Fundisho limo katika kanuni mbili. Kwanza, eneo dogo linaloizunguka nyumba ndilo lenye uamuzi mkubwa, na eneo hilo kaya inalimudu kwa jembe na ufagio. Pili, usalama wa nyumba moja unategemea usalama wa nyumba ya jirani, hivyo hauwezi kuachwa kuwa hiari ya mtu mmoja mmoja. Hapo ndipo sheria inapohitajika.

3.0 Mwaka wa Moto katika Simiyu

Kiangazi katika Simiyu huanza takribani mwezi Juni na kuendelea hadi mvua za kwanza mnamo Oktoba au Novemba. Vyanzo vinne vya hatari hukutana katika kipindi hicho.

Chanzo cha kwanza ni masalia ya pamba. Baada ya mavuno, mkulima anatakiwa kung'oa mashina na kuyateketeza kwa moto ili kukata mzunguko wa maisha ya wadudu waharibifu, hususan funza wanaojificha katika vitumba vilivyobaki. Katika ukanda wa pamba wa magharibi ukomo wa kazi hiyo umekuwa katikati ya mwezi Septemba. Agizo hili lina msingi wa kisayansi, na kulipuuza ni kuhatarisha zao la msimu unaofuata. Hata hivyo, ukomo huo unaangukia wakati ambapo nyasi zimekauka kabisa. Mkulima anayesubiri hadi siku za mwisho hulazimika kuwasha moto katika hali mbaya kuliko zote, na wengi wanaposubiri pamoja, mioto mingi huwaka kwa wakati mmoja.

Chanzo cha pili ni ngitili. Hili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa masika ili nyasi zikue na kutumika kiangazi. Kupitia mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ulioanza mwaka 1986 na kufika pia Bariadi, Maswa na Meatu zilipokuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, mfumo wa ngitili ulifufuliwa na uoto kurejea katika mamia ya maelfu ya hekta. Mafanikio hayo yana upande wa pili ambao haujapewa nafasi ya kutosha katika sheria ndogo: ngitili iliyotunzwa vizuri ni hazina ya nyasi kavu zilizosimama, na ngitili za kaya mara nyingi huwa karibu na makazi.

Chanzo cha tatu ni mapori ya mashariki mwa mkoa. Wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu ziko jirani na mfumo wa ikolojia wa Serengeti, ikiwemo Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Pori la Akiba la Maswa. Wasimamizi wa hifadhi za nyika hutumia uchomaji wa mapema, yaani kuwasha moto hafifu mwanzoni mwa kiangazi wakati nyasi zingali na unyevu, ili kupunguza nguvu ya moto wa mwisho wa kiangazi. Maarifa hayo ya wakati, yanayotumika kulinda wanyama na malisho, yanaweza pia kulinda makazi.

Chanzo cha nne kimo ndani ya kaya yenyewe. Kutokana na uhaba wa kuni, mashina ya pamba na kinyesi kikavu cha ng'ombe hutumika kama nishati ya kupikia na hurundikwa karibu na jiko. Majivu yenye makaa hai hutupwa nyuma ya nyumba. Pamba mbegu iliyohifadhiwa ndani huweza kufukuta kwa muda mrefu bila mwali kuonekana, kisha ikalipuka upepo unapoifikia. Hivyo moto unaweza kutoka nje kuingia ndani, na vilevile kutoka jikoni kwenda shambani na kwa jirani.

4.0 Sheria Zilizopo na Mipaka Yake

Sheria kuu ya usalama wa moto ni Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Sura ya 427, iliyotungwa mwaka 2007. Chini yake zipo kanuni za ukaguzi na vyeti vya usalama za mwaka 2008 na kanuni za tahadhari ya moto katika majengo za mwaka 2015. Kanuni hizi zinahusu mambo kama njia za kutokea, vizimamoto, ving'amuzi vya moto na cheti cha ukaguzi. Ni muhimu kwa hoteli, shule, vituo vya mafuta, viwanda vya kuchambua pamba na maduka ya Bariadi mjini. Kwa nyumba ya familia iliyoezekwa kwa nyasi, yenye mlango mmoja na isiyo na maji ya bomba, kwa sehemu kubwa hazina la kusema.

Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 ina sehemu inayoshughulikia moto. Inadhibiti uchomaji wa uoto, inaweka utaratibu wa vibali na inatoa adhabu kwa anayewasha moto kinyume cha sheria. Lengo lake kuu, hata hivyo, ni kulinda rasilimali za misitu. Inamtazama mwanakijiji kama chanzo cha moto kuliko kama mtu anayeweza kuathiriwa nao. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi za chini. Chombo hicho kina thamani, lakini kamati haiwezi kuwa mbadala wa kanuni inayosema rundo la mashina likae umbali gani kutoka jikoni.

Kwa upande wa kilimo, Sheria ya Tasnia ya Pamba ya mwaka 2001 na kanuni zinazosimamiwa na Bodi ya Pamba Tanzania zinamtaka mkulima ateketeze masalia. Matokeo yake ni kwamba mkulima yuleyule anasimama kati ya amri mbili: moja inamtaka awashe moto kabla ya tarehe fulani, nyingine inamtahadharisha asiwashe bila kibali. Amri hizo hazipingani kimsingi, lakini zinahitaji kiungo cha kumweleza mkulima awashe lini, wapi, akiwa na nani na kwa tahadhari gani. Kiungo hicho hakiwezi kuandikwa Dodoma kwa nchi nzima. Mahali pake ni sheria ndogo.

Ipo pia mipaka ya kiutendaji. Gari la zimamoto lililoko makao makuu ya mkoa au wilaya haliwezi kufika kwa wakati katika kitongoji kilicho mbali, hata simu ya dharura 114 ikipokelewa mara moja, kwa kuwa paa la nyasi huteketea kwa dakika chache. Katika mazingira ya Simiyu, kinga si nyongeza ya uzimaji. Kwa kaya nyingi, kinga ndiyo huduma pekee ya zimamoto iliyopo.

5.0 Maudhui ya Sheria Ndogo Iliyohuishwa

5.1 Kalenda ya moto

Tarehe ya kuteketeza masalia ya pamba ni ukomo; haimzuii mkulima kuanza mapema. Sheria ndogo inaweza kuutumia mwanya huo kwa kuelekeza kila kitongoji kianze kung'oa na kuteketeza mara mavuno yanapokamilika, kwa zamu inayotangazwa na mwenyekiti wa kitongoji, ili kazi isirundikane mwezi Septemba. Mashina yakusanywe katikati ya shamba, pembezoni palimwe ukanda mtupu, na moto uwashwe asubuhi na mapema upepo ukiwa umetulia. Majirani wataarifiwe siku moja kabla, na aliyewasha asiondoke mpaka majivu yapoe. Kibali kitolewe kitongojini bila malipo. Kibali kinachomlazimu mkulima kusafiri na kulipa kitamfanya achome usiku kwa siri na kuuacha moto bila mlinzi, na hiyo ni hatari kubwa kuliko ile iliyokusudiwa kuzuiwa.

5.2 Ukanda wa usalama wa kaya

Desturi ya kufagia uwanja wa nyumba ni msingi tayari wa kanuni hii. Inapendekezwa kuwa mita 10 kuzunguka nyumba, jiko na ghala pawe patupu wakati wote wa kiangazi, na hadi mita 30 nyasi zifyekwe au zilishwe. Mashina ya pamba yanayotunzwa kwa ajili ya kuni yaondolewe vitumba, ili yasihifadhi wadudu, na yawekwe nje ya ukanda wa kwanza. Majivu yatiwe katika shimo maalumu. Pamba na nafaka visihifadhiwe katika chumba chenye moto wa kupikia. Ua wa minyaa, unaozunguka kaya nyingi za Kisukuma, usiondolewe, kwa kuwa mmea huo ukiwa mbichi hubeba maji mengi. Kinachotakiwa ni kuondoa matawi makavu na takataka zinazojikusanya chini yake.

5.3 Ngitili

Kingo za ngitili zinazoelekea makazi zifunguliwe kwa mifugo kabla ya sehemu ya ndani, ili ng'ombe wenyewe watengeneze ukanda wa nyasi fupi. Kanuni hii haimwongezei mfugaji gharama; inabadilisha tu mpangilio wa malisho ambayo yangeliwa kwa vyovyote.

5.4 Paa na nafasi kati ya majengo

Baadhi ya watunga sera huona kupiga marufuku paa la nyasi kuwa suluhisho la haraka. Makala haya yanapinga mwelekeo huo. Marufuku haimpatii mtu bati; humfanya mkosaji kwa kuwa maskini. Historia nayo inadai uangalifu. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, zipo sehemu za nchi ambako nyumba za waliositasita kuhama zilichomwa moto, na vijiji vilivyoundwa vilisogeza nyumba karibu zaidi kuliko ilivyokuwa katika makazi ya asili. Sheria ndogo inayoanza kwa kuibomoa nyumba ya mnyonge itakosa uhalali kabla haijatekelezwa. Badala yake, nyumba mpya za nyasi zipewe nafasi ya kutosha kati yake na majengo mengine, upenyo kati ya ukuta na paa uzibwe kwa udongo, jiko litengwe, na fedha za umma za kuezeka kwa bati zianzie kwenye shule, zahanati na maghala ya vyama vya msingi vya ushirika.

5.5 Mwitikio na fidia

Sungusungu, walioanza miaka ya mwanzo ya 1980 katika maeneo ya Wasukuma na Wanyamwezi kupambana na wizi wa mifugo, wanao mfumo wa kuitana kwa filimbi na mwano, yaani yowe la hadhari. Mfumo huohuo unaweza kutumika wakati wa moto, kila kitongoji kikiwa na orodha ya vifaa: majembe, mapanga, matawi mabichi ya kupigia moto, ndoo na mchanga. Kuhusu adhabu, faini inayoingia katika mfuko wa kijiji haimjengei nyumba aliyeunguliwa. Sheria ndogo itangulize fidia kwa mwathirika, ikiwemo nguvu kazi ya kujenga upya, na faini ije baadaye kwa aliyekaidi.

6.0 Njia ya Kisheria na Changamoto za Utekelezaji

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kutunga sheria ndogo, baada ya kuwashirikisha wanakijiji na kwa kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Njia inayofaa ni halmashauri za wilaya za Simiyu kuandaa kielelezo kimoja, kisha kila kijiji kikirekebishe kwa kuzingatia mazingira yake: kijiji cha Meatu kinachopakana na pori hakina hatari sawa na kijiji cha Busega kilicho upande wa Ziwa Victoria.

Mji wa Bariadi unahitaji njia tofauti, kwa kuwa mtaa hauna mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Mamlaka hayo ni ya Halmashauri ya Mji chini ya Sura ya 288. Mitaa ya pembezoni ina mashamba na nyasi kama vijijini, lakini viwanja vyake ni vidogo, na umbali wa mita 10 hauwezekani kila mahali. Huko ukanda wa usalama lazima uhesabiwe kwa kundi la nyumba, na viwanja vitupu vilivyoota nyasi viwe jukumu la wamiliki wake, hata wakiwa wanaishi mbali.

Zipo changamoto tatu za kutarajiwa. Ya kwanza ni uhaba wa maofisa. Afisa kilimo wa kata, ambaye tayari hufuatilia uteketezaji wa masalia, anaweza kuunganisha kazi hiyo na ukaguzi wa kalenda ya moto. Ya pili ni mgawanyo wa majukumu ndani ya kaya. Wanawake na watoto ndio hushughulika zaidi na jiko, kuni na majivu, ilhali mikutano ya kijiji aghalabu hutawaliwa na sauti za wanaume. Kanuni ya majivu iliyotungwa bila mpishi kuulizwa itabaki kwenye karatasi. Ya tatu ni ukosefu wa kumbukumbu. Daftari rahisi la kijiji, linaloandika tarehe, chanzo, mali iliyoungua na namna moto ulivyozimwa, litaiwezesha halmashauri kurekebisha kanuni kwa ushahidi badala ya hisia.

7.0 Hitimisho

Makala yamebainisha kwamba udhaifu wa ulinzi wa makazi dhidi ya moto wa nyika katika Simiyu hautokani na kukosekana kwa sheria, bali na sheria zilizopo kupita pembeni ya kaya. Kanuni za zimamoto zinaingia katika majengo yenye vyeti, sheria ya misitu inasimama kwenye mpaka wa msitu, na kanuni za pamba zinaishia shambani. Kaya iko katikati ya zote tatu, na inaunganishwa nazo na moto uleule. Kuhuisha sheria ndogo hakuhitaji kuagiza kanuni za ujenzi za nchi tajiri wala kusubiri kila kijiji kipate gari la zimamoto. Kunahitaji kuipanga upya kazi ambayo tayari inafanyika, yaani kung'oa mashina, kufagia uwanja, kufunga na kufungua ngitili na kuitikia mwano, kwa tarehe, umbali na wajibu unaofahamika kwa wote. Kipimo cha mafanikio ya sheria hizo kitakuwa chepesi kukisoma: mvua za kwanza zinapofika, mkulima awe ameteketeza masalia yake, na jirani yake awe bado na paa, nafaka na mbegu ya kupanda.